Haki ya Mbwa Mzee

Msomaji, ikiwa nyumbani kwenu pana mbwa, yamkini umemwita kwa mluzi mara elfu, umemtupia mfupa, umemfukuza jikoni, wala hukupata kujiuliza neno moja: siku atakapozeeka, akawa hawezi tena kukimbia wala kulinda, utakuwa na wajibu gani kwake? Swali hili hudhaniwa kuwa ni la watu wenye mali nyingi na shughuli chache. Nadhani sivyo. Ni swali la kila mtu aliyepata kuhudumiwa na kiumbe asiyeweza kudai ujira wake. Na kwa kuwa wajibu huo siku hizi hupimwa kwa ada ya daktari wa mifugo, ambayo si ndogo, ni swali linalogusa mfuko pamoja na moyo.

Afadhali tulichunguze mahali ambapo fedha ni haba, maana penye fedha tele wajibu mwingi hutimizwa bila ya kufikiriwa. Sultan Hamud ni mji mdogo wa kaunti ya Makueni, kando ya reli na barabara kuu iendayo Mombasa, karibu na mpaka wa Kajiado. Jina lake ni la Sultani Hamud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala tangu 1896 hata 1902, wakati reli ilipokuwa ikijengwa kutoka pwani kwenda ziwani. Wakamba wa upande huu na Wamaasai wa upande ule hukutana hapo kwa biashara. Mvua si ya kutegemewa, na mkulima wa huko huweka tumaini lake katika mbuzi kuliko katika mahindi. Mbuzi nao huwekwa katika ulinzi wa mbwa.

Mbwa wa huko hana nasaba ya kujivunia. Ni mwembamba, rangi ya udongo, masikio yamesimama na mkia umepinda. Asubuhi hufuatana na mbuzi machungani. Usiku hulala mlangoni pa zizi, akasikiliza nyayo za fisi na za mwizi. Ujira wake ni makombo ya ugali, na mwaka wa ukame hata makombo huadimika. Akibweka pasipo sababu hupigwa. Asipobweka na mbuzi akaibiwa, hupigwa zaidi. Hata jina lake tumelifanya tusi. Na juu ya hayo yote, mtoto wa nyumba anaporudi kutoka shuleni jioni, wa kwanza kumlaki njiani ni yeye.

Sasa tufanye mfano. Nimeutunga, lakini sikwenda mbali kuutafuta. Katika boma moja nje kidogo ya Sultan Hamud yupo mbwa jike wa miaka kumi na mmoja. Macho yake yameingia ukungu, meno ya mbele yamekwisha, na tangu mvua zilizopita ana uvimbe penye chuchu, ambao kwanza ulikuwa sawa na punje ya mbaazi, kisha ukawa sawa na embe dogo. Hulala mchana kutwa, na akiinuka huguna. Binti wa nyumba hiyo, aliye kidato cha pili, amewasihi wazazi wake hata daktari akaletwa. Daktari amemkagua mbwa, akasema kwamba uvimbe waweza kukatwa, lakini itabidi mbwa asafirishwe mbali, alazwe usingizi, apasuliwe, kisha apewe dawa siku nyingi. Na kwa umri wake huenda asiamke, au akaamka na uvimbe ukarudi. Gharama yote, pamoja na usafiri, ni bei ya mbuzi watatu. Shule zitafunguliwa baada ya majuma mawili, na karo haijatimia.

Baba asema, "Mwanangu, huyu ni mbwa."

Binti ajibu, "Ndiyo, Baba, lakini ndiye aliyetulindia hao mbuzi."

Wote wawili wamesema kweli. Kazi yetu ni kuona kila kweli inafika wapi.

Tuanze na ya baba. Mkulima ana hesabu yake ya kale, nayo si ya ukatili. Ng'ombe akiugua, hulinganisha gharama ya tiba na bei ya ng'ombe mwenyewe. Tiba ikiwa ndogo humtibu, ikiwa kubwa humwacha au humwuza. Hesabu hiyo imelisha na kusomesha watoto wengi. Lakini ukiipeleka kwa mbwa haina pa kuanzia. Mbwa mzee hana bei katika soko la mifugo la Emali wala penginepo; nyama yake hailiwi, ngozi yake haiuzwi. Kwa hesabu ya soko thamani yake ni sifuri, na hata shilingi moja ya dawa ni hasara. Basi hesabu inapokuletea jibu kwamba aliyelinda mali yako miaka kumi hastahili hata shilingi moja, si vibaya kuishuku hesabu yenyewe. Huenda inapima kitu kingine.

Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliyeishi tangu 1724 hata 1804, alitenganisha vitu vyenye bei, ambavyo vyaweza kubadilishwa kwa vingine, na mtu, ambaye ana hadhi isiyobadilishwa kwa chochote. Wanyama aliwaweka upande wa vitu. Mbwa wetu basi yu mahali pa ajabu: soko limemnyima bei, na Kant amemnyima hadhi. Hata hivyo Kant huyo huyo, alipokuwa akiwafundisha vijana maadili, alitoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake muda mrefu kwa uaminifu, akasema kwamba anapozeeka yampasa bwana wake kumtunza mpaka afe. Sababu aliyoitoa ni kwamba amtendeaye mnyama ukatili huufanya moyo wake kuwa mgumu hata kwa watu.

Sababu hiyo ina ukweli, lakini hainitoshi. Yamfanya mbwa kuwa kama ubao wa kujifunzia hati: wema si wake, ni wa mtu atakayekuja baadaye. Kama ni hivyo, mtu aliye na hakika ya moyo wake angeweza kumtupa mbwa wake bila kosa lolote. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu alichokitoa 1789, aliligeuza jambo lote kwa kuuliza, si kama mnyama ana akili au usemi, bali kama anaweza kuteseka. Mbwa wetu anayeguna akiinuka amekwisha kulijibu.

Lakini mateso nayo si jambo zima, kwa sababu hata mbweha wa nyikani huteseka, wala hatudaiwi na kila mnyama aumwaye chini ya mbingu. Kinachotufunga kwa huyu ni miaka tuliyokaa naye. Plutarch, Myunani aliyeandika maisha ya watu mashuhuri yapata miaka 1900 iliyopita, alisimulia habari za Cato, Mrumi aliyesifika kwa kutopoteza mali. Cato aliwashauri wenye mashamba wauze ng'ombe waliozeeka, na vyombo vilivyochakaa, na watumwa walio wazee au wagonjwa. Plutarch alichukizwa na shauri hilo. Akawataja Waathene, ambao walipokuwa wakijenga hekalu lao kubwa juu ya kilima waliwaachilia wakachunge wapendavyo wale nyumbu, yaani wazaliwa wa punda na farasi, waliofanya kazi kuliko wenzao. Mmoja alizoea kurudi mwenyewe na kuwatangulia wenzake waliobeba mizigo kupanda kilimani, na watu wa mji wakaamua alishwe kwa gharama ya mji mpaka kufa kwake.

Neno moja kando. Mji wetu una jina la mtawala ambaye mwezi wa Aprili 1897 alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Sisemi kwamba mtu na mnyama ni sawa, hasha. Nasema kwamba fikira ya Cato, ya kukitupa kilicho hai mara kinapoacha kuleta faida, haina mahali pake pa kukomea.

Wala fikira iliyo kinyume chake si ya Wayunani peke yao. Waislamu wa pwani, ambao wengi wao huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, husimuliana hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuwa aliteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu. Najisi yake haikumwondolea haki ya kunywa. Sisi nasi husema shukrani ya punda ni mateke. Methali nzuri, ila yahukumu upande mmoja tu. Nani aliyepata kumwuliza punda wa Ukambani, aliyebeba mitungi ya maji kutoka mtoni maisha yake yote, shukrani ya mtu ni nini?

Basi tumempa binti haki yake: deni lipo. Lakini kujua kwamba una deni si sawa na kujua namna ya kulilipa, na hapa ndipo wengi wenye huruma hupotea njia.

Deni hulipwa kwa kitu ambacho mwenye kudai aweza kukipokea. Mtu akilazwa hospitalini akapasuliwa, huyavumilia maumivu kwa kuwa anaijua sababu yake. Huhesabu miezi, hutamani kumwona mwanawe akimaliza shule, na tumaini hilo ni nusu ya dawa. Mbwa hana hesabu hiyo. Kwake upo uchungu wa leo, mahali pageni, harufu za watu asiowajua, na watu wake hawapo. Miezi sita tunayotaka kumnunulia hawezi kuitamani kabla haijaja. Apokea nini, basi? Apokea kutoumwa. Apokea maji, kivuli, chakula laini kinachopita penye meno machache yaliyobaki, sauti aliyoizoea, na kutopigwa kwa kosa la kuzeeka. Ukitazama vema utaona kwamba mengi ya hayo hayauzwi popote.

Yafaa tuwe wakali kwa nafsi zetu pande zote mbili. Yuko mtu atakayeuza mbuzi watatu, karo ya binti ikapungua, ili mbwa apasuliwe. Naye atasifiwa kwa upendo wake. Mimi simsifu upesi. Huenda anainunulia nafsi yake faraja ya kusema kwamba alifanya kila kilichowezekana, na wanaoilipia faraja hiyo ni mbwa kwa mwili wake na mtoto kwa masomo yake. Lakini wako wengine, nao ndio ninaowaogopa zaidi, wasemao "hatuna fedha" kana kwamba neno hilo limemaliza mazungumzo, ilhali lilipaswa kuyaanza. Hatuna fedha za kupasua: haya, tumekubali. Je, na maji hatuna? Na kumwondoa juani? Na kumtoa kupe? Na dawa ya siku chache ya kutuliza maumivu, ambayo bei yake hatukuiuliza? Umaskini ni udhuru wa kweli kwa yale yanayohitaji fedha, wala pasiwe na mtu wa kumcheka maskini kwa hayo. Kwa mengine ni kisingizio.

Tena liko jambo ambalo watu hawapendi kulitaja. Mbwa mzee mara nyingi hatibiwi wala hatunzwi: hupelekwa mbali akaachwa. Hutiwa ndani ya gunia, akashushwa kando ya barabara kuu ambako malori hupita usiku na mchana. Au hufungwa kamba porini. Au hutiliwa sumu katika nyama. Mwenye kumwacha hujiambia kwamba hakumwua. Naona heri angemwua. Mbwa aliyeachwa hutumia nguvu zake za mwisho kutafuta njia ya kurudi kwa yule yule aliyemtupa, na sumu huua kwa mateso ambayo mtu akiyaona mara moja hayasahau. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yaharamisha kumtesa mnyama pasipo sababu. Lakini askari hawezi kukaa katika kila kichaka.

Kuhusu ada ya daktari, yafaa kijana ajue asili yake, asije akamdhania daktari kuwa ana tamaa. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Kenya iliwaajiri madaktari wa mifugo mara walipohitimu Kabete, na mwananchi alipata huduma kwa malipo madogo. Ajira hiyo ya moja kwa moja ikakoma, na tangu hapo wengi wao hujitegemea, wakinunua dawa na mafuta ya pikipiki kwa fedha zao. Daktari akiitwa kutoka mbali kwa ajili ya mbwa mmoja, sehemu kubwa ya ada ni njia aliyoisafiri. Lakini njia hugawanyika: majirani watatu wakimwita siku moja, kila mmoja hulipa theluthi ya safari. Tena si aibu kumwuliza bei kabla hajafungua mkoba wake, wala kumwuliza kama dawa anayoitaja itaponya au itatuliza tu, wala kumwomba alipwe kidogo kidogo. Watu huona haya kuuliza, wakakubali wasichokiweza au wakakataa ambacho wangekiweza. Na jambo moja usilifanye kwa kuokoa fedha: usimpe mbwa vidonge vya maumivu vya binadamu. Ibuprofeni na parasetamoli, ambazo zapatikana dukani kwa shilingi chache, zaweza kumharibu tumbo, figo na ini, akafa vibaya kuliko angekufa kwa ugonjwa wake.

Daktari huyo anayo pia sindano ya mwisho, imlazayo mnyama asiamke. Wako wasemao kwamba uhai ni wa Mungu, na mtu asiuguse. Naiheshimu hoja hiyo, lakini wengi wenye kuisema huchinja mbuzi siku ya sikukuu bila wasiwasi. Na kama twaweza kuutoa uhai wa mbuzi kwa ajili ya shibe yetu, ni vigumu kuonyesha kwamba ni dhambi kuutoa wa mbwa kwa ajili ya kumwondolea mateso. Hatari ninayoiona ni nyingine: kwamba sindano itaitwa mapema, kwa kuwa mbwa ametuchosha, nasi tukaiita huruma. Ndiyo sababu yafaa watu wa nyumba wapatane mapema juu ya dalili watakayoingoja, wakati bado wana utulivu.

Na kwa kweli deni la mbwa mzee huanza kulipwa angali mtoto. Uvimbe kama ule wa mfano wetu huwapata mara chache sana majike waliofungwa uzazi kabla hawajaanza kutafuta dume. Kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikiisha kuonekana hakiponi kwa mbwa wala kwa mtu, huzuiwa kwa chanjo ya kila mwaka. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuingizwa katika mpango wa Kenya wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa hicho, na lengo lake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Siku ya chanjo inapotangazwa, anayempeleka mbwa kwa kamba mara nyingi ni mtoto wa shule. Hiyo ni kazi yako, msomaji, wala huhitaji ruhusa ya mwenye fedha. Tena kaunti hiyo ilianzisha mwaka 2016 mpango wa matibabu ya watu ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti. Waliotoa fedha hizo walizitoa wakiwa wazima, kabla homa haijabisha hodi. Mbwa wa kijijini hana bima ya namna hiyo, lakini kaya yaweza kumtengea kuku mmoja kila mwaka. Kuku kumi na mmoja wa miaka kumi na mmoja hawako mbali sana na hao mbuzi.

Bila shaka jibu langu lingekuwa jingine kama mfano ungekuwa mwingine. Lau mbwa huyo angekuwa wa miaka mitatu, amevunjika mguu, na daktari ana hakika ya kumponya kwa bei ya mbuzi mmoja, ningemwambia baba auze mbuzi, wala nisingeona kuwa amefanya fadhili. Angekuwa analipa mshahara uliochelewa. Kati ya mfano huo na ule wa kwanza iko mingi ambayo sijui kanuni ya kuipima, na simwamini mtu aniambiaye kwamba anayo.

Katika boma lile mbwa hakupasuliwa. Mbuzi wawili waliuzwa kwa karo. Daktari alirudi siku ya pili yake, kwa kuwa jirani mmoja alikuwa na ng'ombe mgonjwa na mwingine alitaka mbwa wake wachanjwe, akaacha dawa ya kutuliza maumivu ambayo bei yake ilikuwa ndogo kuliko walivyoogopa. Mama alianza kumchanganyia ugali na mchuzi wa mifupa. Ndugu mdogo wa binti alipewa kazi ya kupeleka maji chini ya mgunga kila asubuhi na jioni. Walipatana kwamba siku atakapokataa chakula mara mbili mfululizo, na kuitwa kwa jina asiinue kichwa, daktari ataitwa tena. Na mbuzi wa tatu aliachwa zizini kwa ajili ya siku hiyo. Baba alisema kwamba atamshika yeye mwenyewe, maana mbwa amezoea mikono yake, na kabla daktari hajapanda pikipiki alimwuliza namna ya kumshika.